Kimya cha kazini chaweza kuua

Ukimwuliza mfanyakazi akutajie hatari za kiafya zilizoko kazini kwake, atakutajia vumbi, kelele za mashine, nyaya za umeme zilizo wazi au kiti kinachomwumiza mgongo. Ni wachache watakaokutajia namna mkubwa wao anavyopokea habari mbaya. Hata hivyo, jambo hilo moja huamua nani atasema na nani atanyamaza, na katika kazi nyingi kunyamaza kumegharimu maisha ya watu.

Wiki hii, msomaji, tutaangalia jinsi desturi za mahali pa kazi zinavyoongoza mwenendo wa mtu mmoja mmoja na wa kikundi kizima, na jinsi mwenendo huo unavyofika hadi kwenye kitanda cha mgonjwa na hadi kwenye moyo wako mwenyewe.

Desturi za kazini ni nini?

Kila mahali pa kazi pana sheria za aina mbili. Za kwanza zimeandikwa: saa ya kufika, saa ya kutoka, nani atie sahihi wapi. Za pili hazijaandikwa popote, lakini kila mtu huzijua kabla mwezi wa kwanza haujakwisha. Mgeni hujifunza kwa kutazama. Nani huchelewa na hasemwi? Nani akikosea hufichiwa, na nani akikosea hutangazwa mkutanoni? Karani aliyeuliza swali mbele ya watu alijibiwaje? Sheria hizi za pili ndizo tunazoziita desturi za kazini.

Desturi hizo mara nyingi huwa na nguvu kuliko hulka ya mtu. Mwungwana akihamishiwa ofisi ya watu wa kufokeana, baada ya miezi michache naye hufoka. Mzembe akitiwa katika kikundi kinachojali kazi, huanza kufika mapema. Si lazima moyo wake uwe umebadilika. Binadamu huwatazama wenzake ili ajue lipi linaruhusiwa, lipi linasifiwa na lipi litamponza. Ndiyo maana bango la ukutani linaloandikwa "Tunawajali wateja" halifundishi kitu, lakini yule mfanyakazi mmoja aliyeadhibiwa kwa kusema ukweli hufundisha jengo zima.

Tutazame Todonyang

Katika mji mkubwa ni rahisi desturi mbaya kujificha, kwa sababu wafanyakazi ni wengi na hospitali nyingine iko ng'ambo ya barabara. Mahali ambapo watu ni wachache na msaada uko mbali, huonekana wazi. Kwa hiyo tuondoke Nairobi na Mombasa kwa muda, twende Todonyang.

Todonyang iko pembeni mwa Ziwa Turkana, upande wa kaskazini-magharibi, jirani kabisa na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Ukipima moja kwa moja juu ya ramani, kutoka hapo hadi Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana, ni kilomita 150 hivi. Kwa barabara ni mbali zaidi. Wakazi ni wafugaji na wavuvi. Ni sehemu ambako uhasama kati ya Waturkana na majirani wao Wadasanechi, ambao Waturkana huwaita Wamerille, umemwaga damu mara kwa mara. Mei 2011 watu wengi waliuawa huko. Februari 2025 wavuvi zaidi ya 20 waliripotiwa kutoweka baada ya shambulizi ziwani.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, ambao hata hivyo si mgeni kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi ya afya pembezoni mwa nchi. Mama mmoja amejifungulia nyumbani, kijiji cha karibu na Todonyang, na damu haikati. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki kwa muda wa saa mbili hivi. Wa kwanza kuiona damu hiyo si daktari. Ni mhudumu wa afya wa jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba, ambaye katika mpangilio wa huduma za afya nchini Kenya yuko ngazi ya chini kabisa. Anampigia simu muuguzi wa zahanati.

"Sista, huyu mama damu haikati."

"Umepima? Nani amekwambia wewe ni daktari?"

Hapo ndipo desturi inapozaliwa. Mhudumu yule atakapokutana na mama mwingine wa namna hiyo, hatapiga simu mara moja. Atangoja awe na uhakika, na uhakika wa jambo hilo huja pamoja na umauti.

Tuendelee na safari ya mama yetu. Muuguzi naye lazima ampigie usiku mtu wa juu yake, amwamshe, amwambie kwamba hali imemshinda. Dereva wa ambulensi lazima aseme kabla ya kuondoka kwamba gurudumu la akiba halina pumzi, ingawa anajua swali litakalofuata ni kwa nini hakusema jana. Akifika hospitali ya rufaa ya Lodwar, lazima kuwe na mtu, pengine mlinzi au mfagizi, atakayemwambia mkubwa kwamba kuna mama pale kwenye benchi amekaa muda na kanga yake imelowa.

Hesabu viungo vya mnyororo huo. Katika kila kimoja, aliye chini ndiye anayeona, na aliye juu ndiye mwenye uwezo wa kutenda. Kukiwa na hofu katikati yao, habari haipiti.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba akina mama wengi wanaokufa kwa uzazi hupatwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika hospitalini, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tunaposikia habari za Turkana tunafikiri ucheleweshaji ni barabara tu. Barabara ina sehemu yake kubwa. Lakini ule wa kwanza na ule wa tatu mara nyingi umo katika namna watu wanavyosemeshana.

Rubani na msaidizi wake

Usidhani kwamba tatizo hili ni la wasiosoma. Linawapata hata watu waliosomea kazi yao kwa miaka mingi na wenye mitambo ya kisasa mbele yao.

Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliondoka Douala, Kamerun, kuja Nairobi. Ilianguka muda mfupi tu baada ya kupaa, ikaua watu wote 114 waliokuwamo. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilisema kwamba marubani walipoteza mwelekeo wa ndege katika giza, na kwamba hawakushirikiana ipasavyo wala kufuatilia vyombo vyao inavyotakiwa. Ndege ilikuwa ikilalia upande wa kulia polepole, huku hakuna aliyekuwa akiiongoza hasa. Ripoti hiyo haikuishia kwenye vyombo. Iligusia pia uhusiano wa watu wawili waliokuwa mbele: nahodha mwenye umri wa miaka 52, aliyeelezwa kuwa mtu wa kuwatawala walio chini yake, na msaidizi wa miaka 23, aliyeelezwa kuwa mtulivu asiyezoea kumkabili mkubwa.

Miaka 30 kabla ya hapo, Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa ziligongana katika uwanja wa Tenerife, visiwa vya Kanari, wakafa watu 583. Katika moja ya ndege hizo, mhandisi aliuliza kama ile nyingine ilikuwa imekwisha kuondoka njiani. Nahodha, ambaye alikuwa mkufunzi mkuu katika kampuni yake, alijibu kwa uhakika kwamba imeondoka, na swali halikurudiwa. Baada ya ajali za namna hiyo, mashirika ya ndege duniani yalianza kuwafundisha marubani somo ambalo awali lilionekana la kitoto: mdogo aseme, arudie kusema, na mkubwa asikilize.

Hospitali nazo zina ajali za aina hiyo. Machi 2018 Wakenya walishtuka kusikia kwamba katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu la kichwa kwa makosa. Wagonjwa walikuwa wawili. Mmoja alihitaji upasuaji wa kuondoa damu iliyoganda kwenye ubongo, na mwingine alikuwa na uvimbe kichwani ambao haukuhitaji kisu. Aliyepelekwa chumba cha upasuaji ni yule asiyehitaji, na kosa liligunduliwa saa kadhaa baadaye, pale damu iliyoganda ilipokosekana. Mpasuaji, mtaalamu wa nusukaputi na wauguzi wawili walisimamishwa kazi, na mkurugenzi wa hospitali akapelekwa likizo ya lazima.

Fikiria ni mikono mingapi mgonjwa huyo alipitia: ya wodini, ya mpokezi, ya mtia nusukaputi, ya mpasuaji. Watu wazuri wanaweza kusimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amekwisha kuhakikisha. Kumsimamisha mtu kazi huenda kukawa lazima. Lakini mahali ambapo somo pekee linalobaki ni kwamba aliyekuwa karibu na kosa huchukuliwa, atakayeliona kosa kesho atajitahidi kuwa mbali nalo.

Karatasi peke yake haitoshi

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha fupi ya mambo 19 ya kuhakikishwa kabla ya mgonjwa kutiwa nusukaputi, kabla hajapasuliwa na kabla hajatoka chumba cha upasuaji. Je, huyu ni nani? Anapasuliwa nini, na upande upi? Vitambaa vyote vimehesabiwa? Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine makubwa yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa mpya iliyotumika wala mashine ya bei kubwa.

Kwa nini kutaja majina kuwe na maana? Kwa sababu muuguzi aliyekwisha kufungua kinywa chake mara moja mbele ya mpasuaji, hata kama ni kusema jina lake tu, huona wepesi kukifungua tena atakapoona jambo lisilo sawa.

Lakini kuna upande wa pili wa habari hii. Katika jimbo la Ontario, Kanada, hospitali ziliagizwa zitumie orodha hiyo. Mwaka 2014 watafiti walichunguza hospitali 101 za huko, na hawakuona upungufu wa maana wa vifo wala wa madhara. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu. Maelezo mojawapo yenye uzito ni kwamba fomu inaweza kujazwa na kutiwa sahihi bila mtu yeyote kuzungumza na mwenzake. Karatasi ni ile ile. Ikiingia mahali ambapo desturi ni kunyamaza, hujazwa kimya kimya.

Daftari lisilo na makosa

Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza vikundi vya wauguzi hospitalini. Alitarajia kwamba vikundi vyenye uelewano mzuri na viongozi wazuri vingekuwa na makosa machache ya kutoa dawa. Alikuta kinyume: ndivyo vilivyokuwa vimeripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba zaidi aliona kwamba vikundi hivyo havikuwa vikikosea zaidi ya vingine. Vilikuwa vikisema. Katika vikundi vya hofu makosa yalifichwa, na kosa lililofichwa halimfundishi mtu.

Kwa hiyo, msomaji uliye msimamizi, ukifungua daftari la matukio ya idara yako ukalikuta jeupe mwezi hadi mwezi, usifurahi upesi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hasira hushuka ngazi

Desturi za kazini haziishii kwa wafanyakazi. Mkurugenzi akimfokea msimamizi, msimamizi humfokea muuguzi, na muuguzi, ambaye hana wa kumfokea, humfokea mgonjwa. Mgonjwa akirudi kijijini huwasimulia wengine, na mwakani jirani yake ataamua kujifungulia nyumbani. Huo ndio ucheleweshaji wa kwanza katika ile mitatu, na mbegu yake ilipandwa ofisini.

Nchini Kenya jambo hili limepimwa. Katika utafiti uliopewa jina la Heshima, uliofanywa katika vituo 13 vya afya katika miaka ya mwanzo ya 2010, mama mmoja kati ya kila watano alisema alitendewa isivyo kwa heshima wakati wa kujifungua. Watafiti hawakutosheka na kuwalaumu wauguzi. Waliwashirikisha wakubwa wa vituo na wananchi wa karibu, na wakawapa wahudumu wenyewe nafasi ya kupata ushauri nasaha na kuzungumzia mizigo ya kazi yao. Malalamiko yalishuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Hayakwisha, lakini wahudumu wale wale walibadili mwenendo mazingira yao yalipobadilika.

Ni lazima tuseme pia kwamba heshima haichukui mahali pa glavu, damu ya kuongezea wagonjwa wala mshahara. Madaktari wa Kenya waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi kwa takribani miezi mitano mwaka 2017. Mtu mmoja akifanya kazi ya watatu, ukali wake haumalizwi na semina ya adabu. Desturi nzuri huanza mwajiri anapotimiza wajibu wake.

Kakuma: meza moja, malipo mbalimbali

Mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Lodwar kuna Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992. Kwa miaka mingi wakimbizi hawakupata vibali vya kazi kwa urahisi. Waliofanya kazi katika mashirika ya misaada, wakiwemo wakalimani, walimu na wasaidizi wa hospitali, walilipwa posho badala ya mshahara, na posho hiyo ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na malipo ya Mkenya aliyefanya kazi iyo hiyo kando yao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilikuja kuitambua haki yao ya kufanya kazi.

Mtazame mkalimani katika chumba cha daktari. Yeye ndiye pekee anayeelewa pande zote mbili. Mgonjwa akiitikia kwa kichwa ilhali hajaelewa namna ya kumeza dawa, ni mkalimani anayeliona hilo. Je, atamwambia daktari, "Naomba urudie, hajaelewa"? Ikiwa ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, haitwi mikutanoni, na hajui kama ataitwa kazini mwezi ujao, huenda akaona heri atafsiri na kunyamaza. Anachofundishwa na mpangilio wa kazi ni kwamba maneno yake yana thamani sawa na malipo yake.

Wasiwasi wa kupoteza kazi huzidisha kimya hicho. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, wafanyakazi wengi wa miradi ya afya nchini Kenya walijikuta nje. Anayeogopa kuwa wa pili kuondoka hujifunza kutoonekana, hata pale ambapo jicho lake ndilo linalohitajika.

Mwili wako hulipa

Huenda wewe hufanyi kazi hospitalini wala hurushi ndege. Unakaa benki, dukani, kiwandani au katika ofisi ya serikali. Jambo hili linakuhusu pia, kwa sababu mwili hulipa kwa namna unavyotendewa.

Mwaka 1967 watafiti wa Uingereza walianza kuwafuatilia watumishi wa serikali wanaume wapatao 18,000 jijini London. Hawa hawakuwa maskini wasio na kazi. Wote walikuwa na ajira. Hata hivyo, waliokuwa ngazi ya chini, kama matarishi na mabawabu, walikufa kwa kiwango cha mara tatu hivi ya wakubwa wa juu. Uvutaji sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuwahusisha wanaume na wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba waliokuwa na uwezo mdogo wa kuamua lolote kuhusu kazi yao waliugua moyo zaidi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Katika ofisi nyingi hakuna amri ya kubaki hadi usiku. Ni desturi tu kwamba anayetoka saa kumi na moja hutazamwa kama mvivu.

Upo pia uchovu wa kazi uliokithiri, ambao shirika hilo mwaka 2019 liliuweka katika orodha ya mambo yanayotokana na kazi. Dalili zake ni tatu. Mtu huishiwa nguvu hata baada ya kupumzika. Huichukia kazi yake au huiona haina maana. Na huona hawezi tena kuifanya vizuri kama zamani. Ukiona hayo, na hasa yakiandamana na kukosa usingizi, maumivu ya kifua au kichwa kisichopoa, nenda ukapimwe shinikizo la damu na uzungumze na daktari. Usijitibu kwa pombe.

Kijana aliyetumwa malisho

Huenda mtu akasema kwamba mambo haya ni ya kigeni, kwamba sisi tumelelewa kuwaheshimu wakubwa. Turudi Turkana tuone. Kabla ya kuhamisha mifugo, wafugaji hutuma watu, mara nyingi vijana, waende mbele kutazama malisho na maji. Akirudi, kijana husimama mbele ya wazee aseme alichokiona. Uamuzi ni wa wazee, na kijana hawavunjii heshima. Lakini tuseme amekuta kisima kimekauka, naye kwa woga akasema maji yapo, kwa kuwa alijua ndilo jibu lililotakiwa. Mifugo itakufa njiani, na watoto watalala njaa. Wazee wanaomsikiliza kijana hawajashushwa cheo. Wanajua kwamba macho yaliyofika kule ni yake, siyo yao.

Mkubwa ni jalala, husema Waswahili, na maana yake ni kwamba ukubwa ni kupokea, hata yasiyopendeza. Kumheshimu mkubwa na kumwambia ukweli si mambo yanayogombana. Kumwacha aende kwenye shimo huku ukimwamkia si heshima.

Ufanye nini?

Ukiwa mfanyakazi, jifunze maneno ya kuanzia, kwa sababu mara nyingi mtu hunyamaza si kwa kukosa ujasiri bali kwa kukosa namna ya kuingilia. Sema: "Daktari, nina wasiwasi. Naomba tusimame kidogo tuhakikishe." Kama hukusikilizwa, rudia mara ya pili ukitaja ulichokiona: "Jina lililo mkononi silo lililo kwenye faili." Taja jambo, usitaje tabia ya mtu. Unapokabidhi zamu, mwombe mwenzako arudie uliyomwambia.

Ukiwa mkubwa wa kazi, mkutanoni mwulize kwanza aliye mdogo, wewe useme mwisho. Anayekuletea habari mbaya mshukuru mbele ya wengine, hata kama baadaye itaonekana alikosea. Mtu mmoja aliyeshukuriwa huwafungua vinywa wengi, na mmoja aliyekemewa huwafunga wote. Kosa likitokea, anza kwa kuuliza lilivyotokea kabla ya kuuliza nani alilitenda. Tenganisha aliyeteleza na aliyepuuza kwa makusudi, kwa maana wakiadhibiwa sawa hakuna atakayekuambia lolote tena.

Ukiwa Kenya, jua pia kwamba sheria iko upande wako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea mfanyakazi kwa sababu amelalamikia jambo la hatari. Inamtaka pia mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na kamati ya usalama. Uliza wajumbe wa kamati ya kazini kwenu ni nani.

Na ukiwa mgonjwa, au umempeleka mgonjwa, wewe nawe ni sehemu ya kikundi. Taja jina lako kamili kila unapoulizwa, bila kuchoka. Uliza dawa hii ni ya nini na inamezwaje. Ukipelekwa chumba cha upasuaji, sema mwenyewe unapasuliwa wapi. Asiyekujibu vizuri mwulize tena kwa upole, kwani huenda hakuna aliyewahi kumjibu yeye vizuri.

Kesho ukifika kazini, fanya jaribio dogo. Mtazame mtu wa chini kuliko wote pale, yule anayefagia, anayelinda mlango au aliyeajiriwa wiki iliyopita. Jiulize: leo akiona jambo la hatari, atamwambia nani, na atajibiwaje? Jibu la swali hilo litakuonyesha afya ya kazi yenu kuliko cheti chochote kilichotundikwa ukutani.